Jinsi ya kukata mirija ya kioo, chupa na balbu ukiwa nyumbani

Watu wengi wakitaka kukata chupa ama mrija wa kioo wanaanza na nguvu. Wanaweka kwa meza, wanasukuma msumeno wa chuma, kioo kinapasuka vile chenyewe kinataka, halafu wanakwambia kioo hakikatiki nyumbani. Kinakatika, tena vizuri sana, shida ni kwamba hakikatwi vile mbao inakatwa. Kioo unakikwaruza laini moja halafu unakifanya kipasuke pale pale ulipokwaruza, basi. Ukishika hiyo utaweza mrija wa maabara, chemni ya taa yenye imevunjika mdomo, chupa, hata balbu, na si lazima uwe na mashine, vitu vingi viko kwa hadiwea yoyote ya Kisumu ama Nakuru na vingine viko hapo jikoni kwako.

Sababu ni hii. Kioo chenye hakina mkwaruzo kina nguvu ya ajabu, na chenye kimekwaruzwa kinakuwa dhaifu hapo tu penye mkwaruzo. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alichapisha kazi yake kuhusu hii kitu, akaonyesha nyuzi nyembamba za kioo zilizovutwa kutoka motoni zinavumilia mvuto mkubwa kuliko kioo cha kawaida, kwa sababu zile nyufa ndogo ndogo zenye hatuzioni kwa macho ndizo zinakusanya nguvu zote mahali pamoja. Kwa hivyo unapokwaruza unatengeneza ufa wako mwenyewe, na huo ufa unataka uwe mmoja na uwe safi. Ukirudia rudia mara nne tano unatengeneza nyufa nyingi na kioo kitafuata wowote.

Vyenye hutakiwi kugusa

Hapa naomba usome pole pole, usiruke.

Zile tyubu ndefu nyeupe za dukani na za darasani, pamoja na enaji seva zile zimejikunja kama mkia wa nguruwe, ziko na zebaki ndani. Ni kidogo, miligramu chache tu, lakini ukikata inatoka kama mvuke wenye huoni na hauna harufu ya kukuonya, na ule unga mweupe wa ndani pia si wa kuvuta puani. Hakuna njia ya kuikata hiyo nyumbani, iache. Na uwe macho, kuna enaji seva zingine zimefunikwa na globu nyeupe ya duara, ukiangalia haraka utadhani ni balbu ya kawaida. Angalia shingo: ukiona plastiki nene kati ya kioo na kile chuma cha kuingia kwa holda, hiyo si ya kukata. Ikikuvunjikia kwa bahati mbaya fungua madirisha, toa watoto, mtoke nyote dakika kama 15, halafu urudi uokote vipande na karatasi ngumu, vidogo vidogo uvitoe kwa selotepu, ufunge kwa mtungi wenye kifuniko. Usipige fagio, fagio inatawanya.

Balbu za taa za gari pia wacha, zile haloji ziko na gesi yenye presha ndani hata zikiwa baridi. Televisheni za zamani zenye mgongo, wacha. Flaski ya chai, ile ya kioo cha fedha ndani, wacha pia kwa sababu ni kuta mbili zimetolewa hewa katikati, ikienda inalipukia ndani na vipande vinaruka. Na vioo vya kando vya matatu ni temper, yaani vimefanywa vigumu kwa joto kiwandani, hivyo havikatiki kwa njia yoyote, ukilazimisha vinageuka punje zote mara moja.

Chenye unaweza kukata ni mrija wa kawaida wa maabara, chupa, mitungi ya jamu, chemni, na balbu za zamani za waya, zile zinang'aa manjano na kuchoma mkono.

Vifaa

Tafuta tupa ya pembe tatu, ile ndogo ya kunolea msumeno, soko la Kibuye hapo Kisumu hukosi. Hiyo ndio ya mrija mwembamba, na iwe kali, tupa iliyochoka inateleza tu. Kwa chupa na mirija minene nunua kikatio cha vioo chenye kigurudumu kidogo, kile mafundi wa madirisha wanatumia, na uchukue tabia yao pia: kabla ya kila laini wanachovya kigurudumu kwa mafuta ya taa. Si urembo, yale mafuta yanafanya kigurudumu kizunguke vizuri na yanaingia kwa ufa yakausaidia.

Ongeza hapo miwani ya kufunika macho kabisa, glavu za ngozi ama kitambaa kizito, sandpepa ya maji, selotepu ya karatasi, beseni na gazeti la kutandika. Miwani si ya hiari. Kidole kikikatwa kitapona, lakini jicho huna la kubadilisha.

Jua kwanza ni kioo gani

Kuna aina mbili utakutana nazo sana. Kioo cha kawaida cha chupa, madirisha na balbu kinapanuka sana kikipata joto. Kioo cha vyombo vya moto, kile cha Pyrex na Duran kwa maabara, kinapanuka kama theluthi moja tu ya hicho. Hii ni maana kubwa kwako kwa sababu ujanja wa maji moto na maji baridi unategemea huko kupanuka, kwa kioo cha chupa unafanya kazi safi na kwa kile cha maabara utachemsha maji mpaka jioni na hakuna kitu.

Kama hujui uliyo nayo ni gani, chukua glasi ya mafuta ya kupika yale ya maji maji, ya alizeti kwa mfano, uchovye ncha ya mrija ndani. Mrija wa kioo cha maabara unapotea, unabaki kivuli kidogo sana, kwa sababu mwanga unapinda karibu sawa ndani ya hicho kioo na ndani ya mafuta. Kioo cha kawaida utaendelea kuona kingo zake wazi. Mimi napenda sana hii njia, haiharibu kitu na mafuta unarudisha kwa chupa ukikausha mrija.

Mrija mwembamba

Huu ni ule wa unene wa penseli kushuka chini, mpaka kama milimita 10 upana. Wanafunzi wanautumia kwa majaribio ya gesi, na kama uko na mtoto wa sekondari anafanya projekti ya sayansi huu ndio ataomba.

Weka alama na kalamu pale unataka. Laza mrija kwa meza juu ya kitambaa, ushike karibu na alama na kidole gumba kikiwa mbali na njia ya tupa. Weka ule ukingo wa tupa kwa alama, sukuma mara moja kwenda mbele ukibonyeza kiasi. Mara moja! Usikate kwenda na kurudi kama unakata chuma. Unataka mkwaruzo mfupi, hata robo ya mzunguko ni nyingi, na hauhitaji kuzunguka mrija wote. Sauti yenyewe itakwambia, ukisikia kriii moja nyembamba yenye haikatiki umepata, ukisikia tupa inaruka ruka badilisha sehemu ya tupa.

Halafu tia tone la maji ama mate juu ya mkwaruzo. Maji yanaingia kwa ncha ya ufa na kudhoofisha kioo pale pale, hii ni kemia ya kweli na mafundi walikuwa wanaijua kabla ya wanasayansi kuandika. Usichelewe sasa, mkwaruzo mbichi unapasuka rahisi, ukiacha ukaenda kunywa chai ukirudi utakuta umekuwa mgumu.

Funga mrija kwa kitambaa. Shika na mikono miwili, vidole gumba vikutane upande wa nyuma ya mkwaruzo, yaani mkwaruzo uangalie mbele mbali na wewe, na gumba ziwe zinagusa kinyume chake. Sasa vuta mikono kuelekea nje kana kwamba unarefusha mrija, na wakati huo huo ukunje kidogo tu, gumba zikisukuma mbele. Watu wanakosea hapa, wanakunja bila kuvuta, na mrija unatoka na ulimi mrefu upande mmoja. Kuvuta ndio kunafanya ufa uende moja kwa moja. Ukifanya sawa utasikia tik, na ukiangalia mdomo uko bapa na unang'aa.

Kama haupasuki kwa nguvu ndogo, usiongeze nguvu. Rudi ukwaruze upya kidogo zaidi hapo hapo, mara hiyo moja inaruhusiwa. Nguvu nyingi ndio inaingiza mrija kwa kiganja.

Na kwa vile tunaongea habari ya kiganja, ajali kubwa ya mirija haitoki hata kwa kukata, inatoka wakati mtu anasukuma mrija ndani ya koki ya mpira, yaani kizibo, ukiwa mkavu. Lainisha mdomo kwanza, paka maji ya sabuni, shika mrija na kitambaa karibu kabisa na koki, sio mbali huko nyuma, na uzungushe ukisukuma taratibu.

Mrija mnene, chemni na chupa

Ukizidi hapo, mikono haitoshi, lazima joto lifanye kazi.

Kwanza laini. Hapa inabidi izunguke mrija wote na ikutane yenyewe, ikikosana hata milimita moja ufa utatoka hapo ukapotea. Funga ukanda wa karatasi wenye ukingo ulionyooka kuzunguka chupa, ukingo ukikutana sawa sawa unajua ukanda haujapinda, bandika na selotepu. Sasa badala ya kutembeza kikatio juu ya chupa, fanya kikatio kikae na chupa izunguke. Piga vipande viwili vya mbao kwa ubao vikae kama mfereji, laza chupa hapo ikigusa ukuta upande wa kitako, shikilia kikatio kwa urefu unaotaka kikiegemea kipande kingine cha mbao, halafu uzungushe chupa pole pole na mkono mwingine. Mzunguko mmoja, mkono usinyanyuke, na ukikutana na mwanzo uache. Laini nzuri ni nyembamba kama unywele, ikiwa nyeupe na ina unga unga umebonyeza sana.

Halafu maji. Chemsha maji kwa birika, uwe na beseni ya maji baridi kando, kama uko na barafu weka. Mimina maji moto kwa laini tu, mkondo mwembamba, ukizungusha chupa, sekunde 10 hivi, halafu peleka laini chini ya maji baridi. Rudia. Mara ya kwanza unaweza usione kitu. Ukishika chupa kwa mshazari kwenye jua utaona ufa umeanza kutembea, unameta ndani ya kioo kama uzi wa fedha, unaingia kidogo kila ukibadilisha joto, na siku ya subira utauona ukizunguka mpaka ukutane halafu chupa inaachana yenyewe mkononi bila kuvutwa. Huko Nakuru kwa sababu ya mwinuko maji yanachemkia kama digrii 94, Kisumu ni kama 96, tofauti hiyo haidhuru, tofauti ya moto na baridi bado ni kubwa ya kutosha.

Ile njia ya uzi uliochovywa spiriti ama mafuta ya taa na kuwashwa moto, najua watu wengi wanaipenda, kwangu iko chini. Moto unapasha ukanda mpana badala ya laini, upande mmoja unakuwa moto kuliko mwingine, na ufa unatanga tanga. Tena uko na moto wazi na mafuta mkononi. Kama ni lazima, kwaruza laini kwanza, usitegemee uzi peke yake.

Njia yenye iko juu ya zote ni waya wa moto. Chukua koili ya jiko la stima la zamani, nyoosha kipande kama sentimita 30, na upashe na betri ya gari ya volti 12. Narudia, betri ya gari, sio soketi ya ukutani, soketi ni volti 240 na waya uko uchi mkononi mwako. Ukiwa hauwaki wekundu fupisha kidogo, ukiwa unang'aa manjano refusha. Zungusha waya juu ya laini uguse kioo pande zote lakini ncha zake zisigusane, acha nafasi kama milimita tatu. Subiri nusu dakika mpaka dakika moja, zima, halafu gusa laini na kitambaa kibichi. Tak. Ufa unazunguka mara moja na mdomo unatoka nyoofu kuliko maji. Unganisha na uachie waya mbali kidogo na betri, sio juu yake, maana betri inatoa gesi inayoshika moto cheche ikitokea.

Balbu

Kioo cha balbu ni chembamba sana, karibu nusu milimita, kwa hivyo kikatio cha kigurudumu usikitumie kwa duara lake, kitaivunja kwa uzito tu. Na kabla ya chochote lazima uingize hewa, kwa sababu balbu ndogo za zamani hazina hewa kabisa ndani na zile kubwa ziko na argoni na naitrojeni yenye presha iko chini kidogo ya hewa ya nje. Hiyo hewa inaingia kupitia kitako, na bahati nzuri ndio njia ya kuifungua pia.

Funga duara lote kwa kitambaa, vaa miwani, fanya kazi juu ya gazeti. Kwa kitako kuna vidonge vya madini ya risasi, ile ya kulehemia, balbu ya pini iko na viwili, ya skru iko na kimoja. Shika kidonge na plaisi uzungushe mpaka kitoke na kawaya kake. Kinachobaki ni kile kioo cheusi kinachozunguka hapo, kivunje na skrudraiva pole pole kutoka katikati kuelekea nje, vipande vikianguka nje na sio ndani. Sasa ukichungulia utaona kijirija chembamba cha kioo kinasimama katikati, hicho ndio kilitumika kunyonya hewa kiwandani. Kivunje ncha yake. Fsss ndogo ama hata hutasikia kitu, hewa imeingia na hatari kubwa imepita. Malizia kwa kuvunja lile shina la ndani na skrudraiva ndefu, geuza balbu, waya na vipande vitamwagika. Nawa mikono baada ya hapo, hivyo vidonge kwa balbu za zamani ni risasi.

Kama ni ile nyeupe, weka chumvi na maji kidogo ndani utikise, ule weupe unatoka na unabaki na duara safi. Mani planti inakaa humo vizuri sana, tawi moja na maji, unaning'iniza dirishani.

Ukitaka kuondoa kitako chote, kata shingoni juu kidogo ya chuma, hapo kioo ni kinene zaidi na ni mviringo ulionyooka kama mrija. Tupa ya pembe tatu, mikwaruzo myepesi ikifuatana kuzunguka, halafu waya wa moto mfupi. Jambo moja tu nakataza: usigeuze balbu kuwa taa ya mafuta. Nimeona watu wakizitengeneza hizo na zinapendeza, lakini kioo cha nusu milimita, mafuta ya taa na moto juu yake, ndani ya nyumba yenye watoto, hapana.

Kulainisha mdomo

Kila ulichokata kiko na ukingo wa wembe hata kama unaonekana bapa. Mrija mwembamba wa kioo cha kawaida unalainishwa kwa moto wa gesi, hata meko ya nyumbani inatosha: ingiza ncha kwa moto ukizungusha bila kusimama mpaka uone moto umegeuka manjano na ukingo umekuwa mviringo. Usikae sana ama mdomo utajifunga. Ukitoa usiweke kwa simiti baridi, uchomeke ndani ya jivu la moto upoe pole pole, na usiuguse mpaka muda mrefu upite kwa sababu kioo cha moto na cha baridi vinafanana kabisa kwa macho. Mrija wa kioo cha maabara unataka moto mkali kuliko huo, tafuta fundi wa friji mwenye tochi ya gesi ama usugue tu.

Chupa, chemni na balbu sugua na sandpepa ya maji, anza namba 120, uende 220, 400, umalizie 600, na kila wakati iwe imeloa. Kusugua kikavu kunatoa vumbi la kioo na hilo linaingia kifuani. Ndani ya mdomo sugua pia, watu husahau, halafu mtu anapitisha kidole hapo. Chupa ya kunywea usiilainishe nusu nusu, ukisikia hata mkwaruzo mmoja ukipitisha kipande cha nailoni hujamaliza.

Maji ya kusugulia usimwage kwa sinki, mwaga nje kwa shimo. Vipande vyote funga kwa gazeti nyingi, weka kwa mkebe wa rangi wenye kifuniko na uandike KIOO kwa herufi kubwa juu, kwa sababu kuna mtu atafungua hiyo taka na mikono mitupu kabla haijafika popote.